Fundi Aliyeacha Tao Akakimbilia Senene

Saa moja kasorobo asubuhi umande haujakauka kwenye migomba, lakini Anatory Ishengoma tayari yuko juu ya jukwaa la miti, sikio lake kalibandika kwenye matofali. Mkono wa kulia ameshika nyundo. Mkono wa kushoto anawapungia watu walio chini wanyamaze.

"Tulieni kidogo, bojo, jamani! Nasikiliza."

Watu zaidi ya mia tatu wananyamaza. Akina mama wanawaziba watoto midomo kwa matiti. Fundi anagonga tofali moja. Tii! Anasogea, anagonga la pili. Tii! La tatu, la nne, mpaka la mwisho upande wa pili. Kisha anageuka, na uso wake umejaa jasho ingawa jua halijapanda.

"Yanaimba," anasema. "Siku ile hayakuimba hivi."

Ni mwashi mwenye umri wa miaka hamsini na nane, mfupi, miguu imepinda kidogo kwa kupanda ngazi za watu. Hapa Nyakashozi, kilima kilicho kati ya Kemondo na Muleba, hakuna anayethubutu kumwita kwa jina tupu. Ni Ta Anatory, yaani baba Anatory, na mkewe ni Ma Ephrasia. Hata wazee wanaomzidi umri wanamwita hivyo, maana nusu ya nyumba za matofali kilimani hapa zimepitia mwiko wake.

Tao analoligonga ni la kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Lina upana wa futi kumi na nane, na linatenganisha ukumbi wa waumini na altare. Ndani yake hakuna nondo hata moja. Tangu Novemba mwaka jana, 1971, limekuwa likibebwa na kiunzi cha mbao kama mtoto mgongoni. Leo, Jumamosi ya pili ya Machi, mtoto anashushwa. Atasimama au ataanguka, na leo ndiyo leo.

Lisiposimama, hakuna paa, kwa sababu mbao za paa zinategemea ukuta utakaopandishwa juu ya tao hilo. Pasipo paa, masika yatazikuta kuta ziko uchi, na matofali yake kwa sehemu kubwa yameshikanishwa kwa udongo. Na masika hayako mbali. Upande wa ziwa wingu jeusi limekaa tangu jana, limewakodolea macho watu wa Nyakashozi.

Na kuna jambo jingine. Askofu ameahidi kwamba kanisa likiezekwa kabla ya Pentekoste, kigango hiki kitakuwa parokia. Padre Mushumbusi atahamia hapa moja kwa moja, badala ya kuja mara moja kwa mwezi na pikipiki yake inayozimika kwenye kila mlima. Watu wamezaliwa wakisubiri jambo hilo, na wengine wamekufa wakilisubiri.

"Tao silihofu," Ta Anatory anamwambia mwandishi wa makala haya akishuka ngazi. "Ninayemhofu ni mimi mwenyewe. Mimi ni mtu wa kukimbia."

Waliosimama karibu wanaangua kicheko. Wanajua anasema nini. Miezi miwili iliyopita hawakuwa wakijua, na hapo ndipo ilipo habari yenyewe.

Hili ni kanisa la tatu kujengwa juu ya kilima hiki. La kwanza lilijengwa mwaka 1912, na lilikuwa msonge, nyumba ya duara ya nyasi kutoka chini mpaka kileleni, kama walizoishi mababu. Walilijenga watu wa hapa kwa mikono yao na kwa mtindo wao. Marehemu mama yake Ta Anatory alibatizwa humo, na alikuwa akisimulia kwamba Wahaya waliingia bila woga wowote kwa sababu waliona wameingia nyumbani kwa mtu, ila mwenye nyumba hakuonekana.

Msonge huo ulipigwa radi mwaka 1929. Nyasi zikashika moto, na jioni ile lilibaki jivu na msalaba wa chuma uliopinda.

La pili lilikuwa refu, la fito na udongo, limeezekwa bati. Juu ya altare lilikuwa na gogo moja kubwa la mkaratusi lililobeba paa lote. Gogo hilo likawa fahari ya kilima. Wageni walipelekwa kuonyeshwa. Wakati watu wanalisifia kwa nje, mchwa walikuwa wanalisifia kwa ndani.

"Ilikuwa siku ya Kupaa Bwana, mwaka sitini na sita," anakumbuka Ma Ephrasia, mwanamke mrefu mwenye sauti inayofika kilima cha pili. "Katekista anasoma pale Bwana anapopaa, na gogo nalo likalia kwaa! Ee Mungu wangu! Tulitoka wote, wa mlangoni na wa dirishani. Mimi nilitoka na mtoto, nikafika nje nikakuta si wangu."

Hakuna aliyeumia. Kesho yake gogo lilishuka lote, na ndani yake likakutwa tupu kama mtungi.

Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, na neno kujitegemea likawa mdomoni mwa kila mtu. Mzee Rugemalira, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kijiji, aliitisha mkutano akauliza: kama tunaweza kujenga shule kwa msaragambo, kanisa linatushinda nini? Msaragambo ni kazi ya pamoja, na Nyakashozi hufanywa kila Jumamosi. Asiyefika huulizwa, na asiye na jibu la maana hupewa jembe la pili.

Swali likawa juu ya altare pawekwe nini. Nondo hazikuwapo, na saruji iliyopatikana ilikuwa mifuko michache iliyoshushwa Kemondo. Mbao, hakuna aliyetaka kusikia. Ndipo Ta Anatory aliposimama mkutanoni, kofia mkononi, akasema sentensi ambayo watoto wa shule sasa wanaitania wakicheza.

"Mchwa hali tao."

Kazi hiyo aliijua. Akiwa na miaka kumi na saba alichukuliwa na bruda mmoja Mzungu wa misheni kuchanganya mota, yaani ule mchanganyiko wa kushikamanisha matofali. Akakaa naye miaka tisa. Katika miaka hiyo walijenga matao kumi na moja, ya milango, ya madirisha, na moja la altare lililo sawa na hili.

"Yule mzee alikuwa mkali, weee!" anasema, na macho yake yanacheka. "Ukikosea alikuwa hasemi. Anabomoa, anakupa mwiko, anaondoka. Alinifundisha amri mbili tu. Ya kwanza, mota iliyolala haiamshwi. Ikishaanza kushika, imwage, usiimwagie maji ukaidanganya. Ya pili, siku kiunzi kinapotolewa, aliyejenga anasimama chini ya tao."

Chini kabisa? Anatikisa kichwa kukubali. "Chini kabisa. Kama huwezi kusimama chini ya tao lako, usiwaambie wenzako waje kusali chini yake."

Kwa kujenga maduka Kemondo na nyumba Kanazi, Ta Anatory hulipwa shilingi nane kwa siku, kazi ikiwapo. Kwenye kanisa hajalipwa hata senti moja kwa miaka miwili na nusu, na kahawa ya kibanja chake mwaka jana ilimpa gunia nne tu. Anachopewa ni chakula cha mchana: ndizi, maharage, na samaki siku ya bahati. "Na maneno ya mwenyekiti," anaongeza. "Hayo sikuyaomba, lakini hupewa bure."

Matofali elfu sitini na nne yalichomwa na Burhani Zahoro, Mwislamu wa Hamugembe mjini Bukoba, mwenye tanuri karibu na udongo mzuri wa Kanazi. Alipoulizwa na jamaa zake kwa nini anachomea Wakristo matofali kwa nusu ya bei, Burhani aliwajibu kwamba msikiti wa kwao ulipojengwa, Ta Anatory ndiye aliyesimamisha kibla yake na akakataa malipo.

Kuta zikapanda. Maji ya ujenzi yalibebwa na akina mama kutoka bondeni, wakiongozwa na Ma Ephrasia, debe tatu kila mmoja kabla ya saa nne. Matofali ya kuta waliyashikanisha kwa udongo wa kichuguu, lakini saruji yote iliyopatikana walimtunzia fundi kwa ajili ya tao. Kufikia Novemba matofali yalikuwa yamepanda pande zote mbili za kiunzi, yakaanza kuinamiana kileleni. Zilibaki safu tisa, matofali matatu kila safu, ili pande mbili zishikane.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini Novemba. Manyunyu yalikuwa yamepita asubuhi, wingu limeshuka, joto la kulegeza mwili. Mota ilikuwa imeshachanganywa, karai nne zimejaa. Ta Anatory ameshika tofali la kwanza la safu ya kwanza.

Ndipo ikapanda sauti ya Ma Ephrasia kutoka bondeni.

"Seneneee!"

Asiyekuwa Mhaya huenda asielewe. Senene ni panzi wa kijani wanaoshuka kwa makundi msimu wa mvua, na kwa watu wa hapa hakuna nyama inayowafikia. Wakishuka, mahakama hukosa mashahidi na shule hukosa walimu. Anayebaki amekaa siku ya senene ni mgonjwa au mgeni.

"Nilijiambia, Anatory, wewe ni fundi, una mota kwenye karai," anasimulia. "Nikatazama chini. Hakuna mtu! Waliokuwa wanapandisha matofali wameshafika nyanda za nyasi. Mwenyekiti amevua koti analitumia kama mfuko. Nikasema, dakika kumi tu. Bojo, hakuna mtu aliyekamata senene kwa dakika kumi tangu dunia iumbwe!"

Aliondoka saa nne. Alirudi saa nane, gunia limejaa, miguu imeloa, na furaha imemfika shingoni. Karai nne zilikuwa pale alipoziacha. Mota ilikuwa imelala.

Hapakuwa na saruji nyingine. Mvua ilikuwa inanguruma upande wa Muleba, na pande mbili za tao zilikuwa wazi kileleni. Fundi alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akachukua kopo la maji, akaimwagia mota, akaikoroga mpaka ikalainika. Akajenga safu tisa, akafunika tao kwa majani ya migomba na bati, akaenda nyumbani kula senene.

Watu wakapiga makofi. Na yeye akanyamaza, miezi miwili na nusu.

"Nilikuwa nikipita chini yake napita mbio," anasema, sasa hacheki. "Mke wangu akaniuliza mbona unapita kanisani kama mwizi? Nikamwambia nina haraka. Haraka ya kwenda wapi, na mimi ni mjenzi wa hapo hapo!"

Siku ya kutoa kiunzi ikapangwa Jumamosi ya kwanza ya Februari. Wageni walialikwa kutoka Kanazi na Kemondo. Mbuzi watatu walichinjwa. Mzee Rugemalira alikuwa ameandika hotuba ya kurasa nne, na wanaomfahamu wanasema hizo ndizo alizopunguza.

Padre Mushumbusi akabariki maji. Ta Anatory akashika nyundo, akaenda mpaka kwenye kabari ya kwanza, zile kabari za mbao zilizokaa chini ya nguzo za kiunzi. Akainua nyundo. Akaishusha bila kupiga.

"Siwezi," akasema.

Mwenyekiti alidhani fundi anaumwa. Akamletea kiti. Ta Anatory akakikataa, akawageukia watu, na akasema yote, kwa sauti, mbele ya wageni: karai, senene, kopo la maji. Akasema safu tisa za juu hazina uhai. Akaomba siku moja azibomoe na siku ishirini na nane za kusubiri zikauke upya.



Mzee Rugemalira alikuwa wa kwanza kulipuka. "Mbuzi watatu, Anatory! Watu wametoka Kemondo kwa miguu! Miezi yote hiyo ulikuwa na mdomo, ukautunzia leo?" Kwake hilo lilikuwa pigo kweli, maana ndiye aliyekwenda kwa Askofu kuomba parokia, na ndiye aliyeapa kwamba kanisa litakuwa na paa kabla ya masika. Kuchelewa mwezi mmoja kulikuwa kuleta masika mlangoni.

Padre Mushumbusi akainua mkono. Ni mtu mpole, mnene, ambaye husema polepole hata akiwa na njaa.

"Ta Anatory, siku hiyo ulikamata senene kiasi gani?"

"Gunia zima, Padre."

"Na debe moja ulimletea nani?"

Fundi akainamisha kichwa. "Nilikuletea wewe, waitu, mheshimiwa."

"Nami nilikula wote, na nikamsifu mpishi," akasema Padre. "Basi, tusimtafute mwenye kosa mmoja. Hebu tuone hiyo mota."

Ta Anatory akapanda. Akaondoa bati na majani ya migomba, akashika tofali la safu ya kati kwa vidole tu, bila patasi wala nyundo. Likatoka! Mota iliyokuwa chini yake ikammwagikia mwenyekiti begani kama unga wa muhogo. Mzee Rugemalira aliutazama ule unga kwenye koti lake, koti lile lile alilokusanyia senene. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, mbuzi wasiharibike, watu wale.

Jumatatu safu tisa zikabomolewa. Matofali ya zamani yalivunjika kwa kusafishwa, kwa hiyo Burhani alipakia mengine ishirini na saba kwenye baiskeli yake, safari mbili kutoka tanurini, na mfuko mmoja wa saruji aliouokota anakojua mwenyewe. Mchomo huo mpya ulikuwa umeiva kuliko wa kwanza. Matofali yalitoka mekundu hasa, na kileleni mwa tao la kahawia yanaonekana hata ukiwa mlangoni, safu tisa nyekundu juu ya altare.

Wakati huu fundi hakushuka hata kunywa maji. Ma Ephrasia alikaa chini ya ngazi tangu asubuhi mpaka tofali la mwisho, na alikuwa ametangaza kwamba hata wakishuka malaika, hatapiga kelele.

Mwenyekiti alishauri baadaye kwamba safu hizo zipakwe lipu zisionekane. Fundi akakataa katakata.

"Waache waone," alisema. "Kijana wa kesho akiuliza kwa nini pale ni pekundu, aambiwe. Atajifunza kuliko mimi nilivyojifunza kwa bruda."

Sasa ni saa mbili asubuhi, na siku ishirini na nane zimepita na zaidi. Leo hakuna mbuzi, maana ni Kwaresima. Hakuna hotuba pia, na hilo watu wanamshukuru Mungu kimyakimya. Kuna kahawa ya kutafuna tu, inayopitishwa mkono kwa mkono kwenye majani ya mgomba, na watu wanatafuna haraka haraka kama wanaotafuna wasiwasi.

Ta Anatory anafunga uzi kutoka ukuta mpaka ukuta, chini kidogo ya kilele cha tao, ili aone litashuka kiasi gani. Anafunga kamba nyingine ya katani mbele ya umati. "Mtu asivuke hapa," anasema. Kisha anaingia chini ya tao lake, peke yake, na nyundo yake, anapiga ishara ya msalaba.

Ma Ephrasia anainua kamba, anapita.

"Rudi nyuma ya kamba, mama," anasema fundi.

"Siku ile nani alipiga kelele ya senene?"

"Wewe."

"Basi." Anasimama kando yake, anafunga vizuri khanga kiunoni, anatazama juu. "Piga."

Kabla hajapiga, Burhani naye anavuka. "Haya matofali yametoka tanurini kwangu, Ta Anatory. Yakianguka, wallahi yamwangukie mwenyewe." Nyuma yake anakuja Padre Mushumbusi, ameshikilia kanzu isikanyagwe. Anajipigapiga tumbo tu, na kila mtu anaelewa kwamba debe la senene halijasahauliwa.

Anabaki mwenyekiti. Mzee Rugemalira amesimama kwenye kamba, mikono nyuma, kidevu juu. Anatazama wingu la ziwani. Anatazama watu wake. Kisha anavua lile koti, anampa mjukuu wake, anainama chini ya kamba kwa shida za magoti yake. "Na mimi nilikimbia," anasema. "Nilikimbia kuliko wote."

Hapo umati mzima unataka kuingia! Kamba inakatika. "Jamani, jamani!" Ta Anatory anapiga kelele, nusu anacheka, nusu analia. "Mkinijazia hapa nyundo nitaizungushia wapi? Wanaotosha wametosha!"

Wanarudi nyuma kwa shingo upande. Fundi anapiga kabari ya kwanza, pigo moja dogo. Anahamia ya pili, pigo moja. Hatoi yoyote, anazilegeza kwa zamu, zote nane, maana tao likiachwa ghafla hushtuka. Raundi ya kwanza. Raundi ya pili. Kiunzi kinashuka upana wa kidole, na kati ya mbao na matofali panaonekana mstari mwembamba wa mwanga.

Tao halishikwi na kitu tena.

Kokoto ndogo inaanguka kwenye kofia ya Burhani. Vumbi linashuka. Kisha juu kabisa unasikika mguno, mfupi, mzito, wa kitu kinachojiweka sawa. Mtu mmoja nyuma anasema "Yesu wangu!" na mwanamke anashika kichwa. Ma Ephrasia amefumba macho lakini miguu haijasogea. Ta Anatory peke yake ndiye anayetazama uzi wake.

Anapanda ngazi, anaukaribia. Anapima kwa ukucha wa kidole gumba. Anapima tena.

"Limeshuka unene wa ukucha," anasema. "Na limekaa." Anashuka, anagonga tofali jekundu la katikati kwa ncha ya nyundo aliyoiunganisha na ufito. Tii! "Limekaa, watu wa Nyakashozi! Limekaa kama bibi harusi kitini!"

Vigelegele vinavyotoka hapo havielezeki, Kwaresima au si Kwaresima. Rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, inayotumika kama kengele, inapigwa na kila anayeifikia. Mzee Rugemalira anamkumbatia Burhani, Burhani anamkumbatia Padre, na vijana wameshaanza kubeba matofali ya ukuta wa juu bila kuambiwa, kwa sababu lile wingu limesogea. Bati zipo, zimepangwa kwa katekista tangu Krismasi. Mafundi wa paa wanasema wanahitaji wiki tatu. Mwenyekiti amewapa mbili.

Ta Anatory amekaa chini, palepale chini ya tao, ameegemea mguu wa ukuta. Mkewe amempa kahawa ya kutafuna, na amemkumbusha, mbele ya mwandishi, kwamba kwa mila mume akipewa senene na mkewe humnunulia nguo mpya, na kwamba tangu Novemba hajaona hata kitambaa cha kichwa.

"Utavaa Pentekoste," anasema fundi. "Utaingia parokiani na gauni jipya, upite chini ya zile nyekundu, watu wasijue watazame wapi."

Anapoulizwa baada ya hapa anataka nini, hafikirii sana. Anaonyesha mahali penye ile rimu. Anataka kujenga mnara, si mrefu, futi thelathini, wa matofali ya Burhani, na matao manne madogo juu, ili Nyakashozi ipate kengele ya kweli. Ramani ameshaichora, kwa mkaa, nyuma ya mlango wa nyumba yake. Anataka kuumaliza kabla macho hayajamwacha, na anataka vijana wawili wa hapa wajifunze naye kama alivyojifunza yeye.

"Na kengele hiyo itakuwa na milio miwili," anaeleza, na uso wote umechangamka upya. "Mmoja wa Misa. Wa pili wa senene. Mtu asikimbie kabla haujalia! Senene wakishuka, mpiga kengele anasubiri kwanza fundi aseme mota imekwisha kwenye karai, ndipo anapiga, ndipo tunakwenda wote pamoja kwa utaratibu, kama watu wa kijiji cha ujamaa."

Padre anasema ni wazo zuri. Mwenyekiti anasema litaingizwa kwenye ajenda. Burhani anatikisa kichwa kukubali.

Ma Ephrasia amewatazama wote wanne, mmoja mmoja, halafu akapiga kicheko kilichorudi kutoka kilele cha tao.

"Senene wakishuka," anauliza, "nani atabaki kuipiga?"